Kwa nini Indonesia yenye misitu mikubwa ilipitwa na China kwenye plaiwudi?

Ukiingia karakana ya seremala pale Ngarenaro, Arusha, usiangalie uso wa plaiwudi. Angalia ubavu. Bodi nyingi za China zina ngozi mbili nyembamba za wekundu wa udongo, moja juu na moja chini. Katikati ni matabaka meupe, mepesi. Weupe huo ndio ulioishinda Indonesia.

Zamani Indonesia iliuza magogo, nchi kama Japani zikayamenya kuwa karatasi nyembamba za mbao, ambazo hugandishwa kwa gundi kuwa plaiwudi. Mwaka 1985 marufuku ya kusafirisha magogo ikakamilika, na mwenye kibali cha msitu hakuwa na njia ila kujenga kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ile iliuza nje zaidi ya mita za ujazo milioni 8 za plaiwudi kwa mwaka. Chama cha wenye viwanda, Apkindo, kilichoongozwa na Bob Hasan, swahiba wa Rais Suharto, ndicho kilichopanga nani auze wapi na kwa bei gani. Suharto alianguka 1998, na ukiritimba huo ukavunjwa kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Wengi huishia hapo kwenye siasa. Mimi naona chanzo kikubwa ni unene wa gogo. Mashine za wakati ule zilibana gogo kwa meno kwenye ncha zake mbili, zikalizungusha mbele ya kisu. Meno yale huacha kipande kinene katikati kisichomenyeka, kwa hiyo gogo jembamba halikuwa na faida. Viwanda vikategemea meranti nene za msituni, mti unaotaka miongo kukua. Msitu ukaliwa upesi kuliko ulivyoota.

China nayo ilibanwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998, serikali ilizuia ukataji katika misitu mingi ya asili. Lakini wakulima wa majimbo ya Shandong na Jiangsu walikuwa wamepanda popla, mti wa ile mbao nyeupe, kandokando ya mashamba, na popla huvunwa ikiwa na miaka 10 hivi. Zikaja mashine za kuzungusha gogo kwa magurudumu, bila meno: zinamenya mpaka kinabaki kijiti cha unene wa mpini wa jembe. Familia zikamenya, zikaanika karatasi za mbao juani kama sisi tunavyoanika mahindi, zikaviuzia viwanda vya kuzigandisha kwa gundi. Miaka michache baada ya 2000, nchi iliyokuwa mteja mkubwa wa Indonesia ikawa muuzaji wa kwanza duniani.

Ule wekundu wa nje mara nyingi ni mti wa kitropiki, kama okume ya Gabon, nchi ambayo nayo ilizuia magogo yake kutoka mwaka 2010.

Hata hivyo, wingi si ubora. Popla ni laini. Ukichomoa skrubu mara mbili, tundu linalegea. Bodi ya meranti hushika, ndiyo maana Japani haijaacha kununua Indonesia.

Na mashine za magurudumu zimeshafika Mafinga, mkoani Iringa. Zinamenya milingoti na misindano ya kupandwa, na magogo mengine yanayoingia humo hayazidi unene wa paja la mtu.