Kanuni ya Kipaumbele cha Jina na Buibui wa Carl Clerck

Katika elimu ya wanyama, kipaumbele cha jina ni kanuni isemayo kwamba mnyama akiwa na majina mawili au zaidi ya kisayansi, jina halali ni lile lililotangulia kuchapishwa kwa utaratibu unaokubalika. Ili pawepo mahali pa kuanzia kuhesabu, wataalamu waliafikiana juu ya tarehe 1 Januari 1758, mwaka lilipotoka toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka mfumo wa majina ya kisayansi. Majina yaliyochapishwa kabla ya hapo hayahesabiwi, isipokuwa ya buibui yaliyomo katika kitabu kimoja.

Aliyesababisha hali hiyo ni Carl Clerck (1709–1765), ambaye hakuwa profesa bali mtumishi wa idara ya kodi mjini Stockholm. Mwaka 1757 alichapisha Svenska Spindlar, kitabu cha buibui wa Uswidi kilichoandikwa kwa Kiswidi na Kilatini. Humo alieleza bayana kwamba buibui wa kweli ana macho manane na mwili wenye sehemu mbili zilizotengana, na kwa kipimo hicho akawatoa wale viumbe wa miguu mirefu wenye macho mawili, ambao mpaka leo watu wengi huwachanganya na buibui. Kila aina aliieleza macho yake, miguu yake, tofauti ya dume na jike, na hata tarehe aliyoiona, kisha akaichora na kuitia rangi. Muhimu zaidi kwa kanuni yetu, kila aina aliipa jina la maneno mawili, la kwanza likiwa Araneus kwa buibui wote.

Kwa hiyo kitabu hicho huhesabiwa kana kwamba kilitoka siku ileile ya 1 Januari 1758, na majina yake huyatangulia ya Linnaeus, ingawa mwaka unaoandikwa pembeni ya jina hubaki 1757. Ni utaratibu wa ajabu kidogo, lakini unafanya kazi. Buibui mwenye alama ya msalaba mgongoni, ambaye Linnaeus alimwita Aranea diadema, leo huitwa Araneus diadematus Clerck, 1757. Buibui aishiye majini naye ni Argyroneta aquatica (Clerck, 1757). Mabano hayo yanaonyesha kwamba baadaye alihamishwa kutoka jenasi (kundi la aina zinazokaribiana, linalotajwa na neno la kwanza la jina) aliyowekwa na Clerck.