Je, wajua kwa nini mti wa China unaitwa wa Babeli?

Mwerebi ule wenye matawi marefu yanayoning'inia hadi kugusa maji, wataalamu huuita Salix babylonica, yaani mwerebi wa Babeli. Asili yake ni kaskazini mwa China. Ulifika magharibi kwa njia za biashara, na mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus wa Sweden akaupa jina hilo akidhani ndio mti ambao mateka wa Kiyahudi huko Babeli, Iraki ya leo, walitundika vinubi vyao katika Zaburi ya 137. Kanuni za majina ya mimea haziruhusu jina kufutwa eti kwa kuwa linadanganya, kwa hiyo limebaki.

Vinubi vilitundikwa wapi, basi? Anayeshukiwa zaidi ni mpopla wa Frati, Populus euphratica, jamaa wa mwerebi anayeota kando ya mito ya Iraki. Huyu ana vituko. Machipukizi yake huvaa majani marefu membamba, ya kimwerebi kabisa, ilhali matawi yaliyokomaa yana majani mapana yenye meno ukingoni. Aliyewahi kukata mkaratusi ameuona mchezo huu, ila kinyumenyume: kisiki kikichipua, aghalabu huanza na majani mapana ya kijivu, na mti ukirefuka huja yale membamba yaliyopinda. Tofauti ni kwamba mpopla mmoja waweza kubeba sura zote mbili kwa pamoja, chini mwerebi, juu mpopla. Ukiletewa tawi moja tu, utaapa vibaya.

Majina nayo hayasaidii. Zaburi kwa Kiebrania inataja aravim, neno ambalo kwa kawaida hutafsiriwa mierebi. Kwa Kiarabu neno linalofanana nalo, gharab, ni mpopla huohuo. Talmudi ya Babeli yenyewe, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inasema kwamba baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa, watu walibadilishana majina ya mwerebi na mti unaofanana nao. Biblia ya Kiswahili ya Union, ambayo katika Walawi 23:40 inasema "mierebi", kwenye Zaburi hii imeandika "miti" tu. Tahadhari nzuri, maana Iraki ina mierebi yake ya asili pia, na huenda mmojawapo ulibeba kinubi.

Na mierebi mingi inayoning'inia katika bustani za Ulaya si hata huo wa China. Ni machotara yake na mwerebi mweupe wa Ulaya, kwa kuwa ule halisi hauvumilii baridi kali.