Ukisema Makonde, unasema ipi?

Siku moja Newala, mkoani Mtwara, tukitafuta mahali pa kuchimba kisima kirefu, niliandika kwenye daftari: "Hapa ni Makonde." Mzee mwenye shamba akachungulia, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani mwamba nao una kabila?"

Swali la haki kabisa. Sisi wanajiolojia tukisema Makonde tuna maana ya tabaka la jiwe la mchanga la enzi ya Kretasia, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Jina tulilichukua kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ila mwamba haukuishia huko. Unaukuta hadi Lindi, juu ya tabaka la Tendaguru ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Kule ni kwa Wamwera! Wamakonde nao wamevuka mipaka: wako Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na wako Kenya, ambako mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia.

Kiswahili kilishatutatulia hili. Mmakonde ni mtu, Kimakonde ni lugha, Umakondeni ni kwao. Ni sisi wa ramani tuliovua viambishi, tukabaki na neno tupu ambalo mtu wa pwani akilisikia anafikiria ngumi, au mashamba. Na wako ambao Makonde ni jina la babu yao tu, liko kwenye vyeti vyao vya shule.

Kwangu uzito uko kwenye maji. Nilimpa mzee kipande cha jiwe, nikamwambia alimwagie maji ya chupa. Yalizama papo hapo, jiwe likabaki na unyevu tu. Mvua ya uwandani inafanya hivyohivyo: inapenya mchangani na kwenda zake chini, ndiyo maana kina mama walishuka makorongo na ndoo vizazi kwa vizazi. Mradi wa Maji Makonde unayachota Mitema, bonde la Kitangari, na kuyasukuma kwa pampu hadi juu. Kwa hiyo kuna Makonde inayomeza maji na Makonde inayoyarudisha.

Mzee alisugua jiwe hadi vidole vikawa vyekundu. "Huu ndio mchanga wa kondeni kwangu," akasema. Nikafungua daftari, nikaongeza maneno mawili mbele ya lile la mwanzo: tabaka la Makonde.