Je, wajua kwa nini kahawa mpya huumuka ikimwagiwa maji ya moto?

Mara ya kwanza kuona kahawa ikiumuka kwenye kichungi, nilichukua kijiko nikaengua povu, kama lile la maharage jikoni. Nilidhani ni uchafu. Baadaye nikaambiwa povu ni dalili ya kahawa mpya, nami nikatoka kosa moja na kuingia jingine: basi povu likizidi, kahawa ni bora zaidi! Nikawa nakaanga buni jioni kwenye sufuria na kuipika papo hapo. Povu lilipanda hadi ukingoni. Kahawa yenyewe ilikuwa nyepesi, chachu kama ndimu changa, nikailaumu buni.

Buni haikuwa na kosa. Povu lile ni kaboni dioksaidi, gesi ileile ya soda. Joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, sukari na viambato vingine ndani ya punje huvunjikavunjika na kutoa gesi. Punje hufura, hupasuka kwa mlio, lakini haifunguki kama bisi. Ni bisi iliyogoma njiani. Gesi nyingine hutoroka, nyingine hunaswa ndani. Kahawa iliyotoka motoni inaweza kubaki na takribani miligramu 10 kwa kila gramu. Ni kidogo? Gramu 20 za kahawa basi zimeficha kama mililita 110 za gesi. Vile vikombe vidogo vya muuza kahawa havitoshi kuibeba kwa kimoja.

Sasa fikiria daladala limefika kituoni jioni. Waliomo wanataka kushuka, walioko nje wanataka kupanda, na mlango ni mmoja. Gesi ndiyo inayoshuka, maji ndiyo yanayopanda, na vitundu vya unga wa kahawa ndio mlango. Ukimwaga maji yote kwa mkupuo, yanasukumwa nje, yanatafuta upenyo pembeni na kuteremka zake bila kubeba ladha. Ndiyo ile kahawa yangu nyepesi. Dawa ni ya konda: acha washuke kwanza. Kwa gramu 20 za kahawa, mimina gramu 40 hivi za maji, subiri sekunde 30 hadi 45, unga uumuke na kutulia, kisha endelea polepole hadi gramu 300. Muuza kahawa wa Pwani hahitaji subira hiyo. Kahawa yake huchemka ndani ya chombo muda mrefu, kila abiria akapata nafasi.

Husemwa pia kuwa gesi hiyo huchachusha kinywaji. Huenda kidogo, ila kaboni dioksaidi haikai vizuri kwenye maji ya moto, kwa hiyo naegemea kwenye daladala.

Ndiyo maana punje nzima hupumzishwa siku kadhaa baada ya kukaangwa. Wengi huanza kuzinywa kati ya siku ya nne na ya kumi na nne, na zilizokaangwa kidogo huvumilia zaidi. Ukishasaga, gesi nyingi hukimbia ndani ya dakika chache, basi saga unapotaka kupika.

Na povu lenyewe? Hukudokezea tu ilikaangwa lini, tena kwa kukisia, maana kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi hutoa povu jingi kuliko ya rangi ya hudhurungi iliyokaangwa siku hiyohiyo. Buni mbovu iliyokaangwa jana itaumuka kwa madaha. Kahawa huitwa maalumu ikipata alama 80 au zaidi kati ya 100 kwa waonjaji, na povu halina alama hata moja. Tena wao, baada ya dakika kama nne, huvunja utando wa juu kwa kijiko, huinamisha pua kunusa mvuke, kisha huengua povu na kulitupa.

Kijiko changu cha kwanza, kumbe, kilikuwa na wenzake.