UTI inaletaje mawe kwenye kibofu?

Swali: Nasikia UTI ikijirudia sana inaleta mawe kwenye kibofu cha mkojo, kweli au stori tu?

Kweli, ila sio kila UTI, usije ukapaniki bure. UTI nyingi zinaletwa na bakteria anaitwa E. coli na huyo kwa kawaida hana tabia hiyo. Wenye tabia ni bakteria wengine, akina Proteus, Klebsiella nao wamo, maana wanatoa kimeng'enya kinaitwa ureasi.

Swali: Hiyo ureasi inafanyaje?

Mkojo una urea, taka ya kawaida tu ya mwili, sasa ureasi inaivunja inatoka amonia (ndo maana mkojo wenyewe unanuka mpaka unachoma pua), amonia inaua asidi ya mkojo, pH (kipimo cha asidi, kikipanda ujue asidi imepungua) iliyokuwa kwenye 6 hivi inapanda inapita 7, na hapo magnesiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka vizuri zinaanza kuganda, chembe inadaka chembe, mwisho wa siku una jiwe. Kama ule ukoko mweupe ndani ya birika. Mgonjwa aliyewekwa mpira wa mkojo muda mrefu, ukitolewa unakuta ncha imevaa chengachenga nyeupe kama mchanga, saa nyingine tundu limeziba kabisa, ni kazi ya haohao.

Swali: Mbona nikimeza antibayotiki napona halafu inarudi?

Kama una jiwe, bakteria wamejichimbia ndani yake na dawa haiwafikii vizuri. Inasafisha mkojo unapata nafuu, ukimaliza dozi wanatoka tena. Kwa hiyo bakteria yuleyule akirudi, kubadilisha vidonge tu haitoshi, mkojo ukaoteshwe maabara waone ni bakteria gani, na upigwe altrasaundi.

Swali: Nani yuko hatarini zaidi?

Yeyote ambaye kibofu chake hakitoi mkojo wote ukaisha: mwenye tezi dume iliyovimba, aliyeumia uti wa mgongo, anayetumia mpira.

Swali: Dalili?

Maumivu chini ya kitovu, damu, kwenda haja ndogo kila saa. Ila mimi ningekuwa makini na hii, mkojo unatoka vizuri halafu unakata ghafla, ukijigeuza unaendelea, jiwe linakuwa limekaa mlangoni.

Swali: Nikinywa maji mengi si litatoka?

Dogo sana labda. Likishakua daktari anapitisha kamera kwenye njia ya mkojo analivunja, mara nyingi kwa leza, likiwa kubwa mno anapasua. Lazima vipande vyote vitoke, kikibaki kimoja na bakteria wake ndani, lingine linaanza kujijenga hapohapo.