Damu baada ya kujifungua, malaria na mimba: maswali ya akina mama wa Kisumu na Nakuru

Kulingana na makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki ulimwenguni kwa sababu ya ujauzito au kujifungua, na takriban saba kati ya kila kumi walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Kuvuja damu ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Maswali yafuatayo ni yale ninayoyasikia sana kwenye foleni za kliniki na kwenye vikao vya chama, na kila moja limeguswa na utafiti wa miaka ya karibuni.

Mama mkwe anasema damu nyingi baada ya kuzaa ni uchafu, niiache itoke. Ni kweli?

La. Damu kiasi lazima itoke, na itaendelea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ikipungua na kubadilika rangi. Hiyo mama mkwe anaijua vizuri. Hatari iko kwenye ile inayomwagika saa za kwanza. Kondo la nyuma likibanduka huacha kidonda chenye mishipa mipana iliyo wazi, na mwishoni mwa mimba damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia nusu lita au zaidi kila dakika. Kinachoifunga mishipa hiyo ni misuli ya mfuko wenyewe kujikaza. Misuli ikilegea, labda kwa kuwa uchungu ulichukua muda mrefu, au walikuwa pacha, au mtoto alikuwa mkubwa, au hata bila sababu inayoonekana, damu haina kizuizi. Mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Hiyo si damu chafu. Ni ileile inayoufikisha uhai kwenye moyo na ubongo wake.

Mama akiwa nyumbani, na pedi au kipande cha leso kinalowa chapachapa kwa muda usiofika saa moja, au anatoa mabonge makubwa, anasikia kizunguzungu, moyo unamwenda mbio na jasho baridi linamtoka, tafuteni gari wakati huohuo. Msingoje kupambazuke. Mtoto anyonyeshwe njiani ikiwezekana, kwa kuwa kunyonya huufanya mfuko wa uzazi ujikaze.

Wakunga wana uzoefu wa miaka mingi. Mbona hospitali nyingine sasa zinatandika mfuko wa plastiki wenye mistari chini ya mama?

Kwa sababu macho hudanganya, hata macho ya mkunga hodari. Damu hunywewa na shuka na pamba, huchanganyika na maji ya chupa ya uzazi, na inayobaki kwenye beseni huonekana kidogo. Mfuko ule huikusanya yote mahali pamoja, na mistari inasema ni kiasi gani.

Ushahidi mkubwa ulitoka kwenye utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ukahusisha zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Baadhi ya hospitali ziliendelea na utaratibu wao wa siku zote. Nyingine zilipewa mfuko wa kupimia, na wahudumu wakafundishwa kufanya mambo matano kwa mkupuo, badala ya kujaribu moja, kusubiri, kisha kujaribu jingine: kuukanda mfuko wa uzazi, kumpa mama dawa ya kuukaza, kumpa asidi ya traneksamiki inayosaidia damu ibaki imeganda, kumwekea maji ya mshipani, na kumchunguza ili ijulikane damu inatoka wapi, huku wakiita msaada zaidi ikibidi.

Matokeo yalitangazwa Mei 2023. Palipotumika makadirio ya macho, karibu nusu ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Palipotumika mfuko, walitambuliwa 93 kati ya kila 100. Na wanawake waliopoteza lita nzima au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa damu, walipungua kwa asilimia 60. Katika mambo hayo matano hakuna dawa mpya hata moja. Zote zilikuwa zinajulikana. Kilichokosekana ni kujua mapema na kutenda yote pamoja, na kila nikilitafakari hilo naumia kwa ajili ya akina mama waliotangulia.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, lilitoa mwongozo mpya: kusisubiriwe nusu lita. Damu ikifika mililita 300, yaani chupa moja ndogo ya soda, na mapigo ya moyo au presha yameanza kuyumba, matibabu yaanze. Kwa hiyo anayekusindikiza ana haki ya kuuliza kwa heshima, "Sista, damu imefika ngapi?" Ni swali zuri, na mkunga mwenye vipimo mkononi hatalichukia.

Nilipojifungua, nesi alinibonyeza tumbo kwa nguvu mpaka nikalia. Alikuwa amekasirika?

Inawezekana kabisa alikuwa akiuokoa uhai wako. Mfuko wa uzazi uliolegea hukandwa mpaka uwe mgumu chini ya mkono, na inauma kwelikweli. Lakini alipaswa kukuambia anafanya nini na kwa nini. Maumivu yanayoelezwa hayamwachi mama na kinyongo dhidi ya kliniki hadi mimba ijayo.

Hiyo dawa ya kuzuia damu, ni kweli inafaa wakati fulani tu?

Ni kweli. Asidi ya traneksamiki ilibuniwa Japani miaka ya 1960 na daktari mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mumewe Shosuke. Bi. Okamoto alitaka hasa iwasaidie wanawake wanaovuja damu baada ya kuzaa, lakini alishindwa kuwashawishi madaktari wa uzazi wa mjini kwake waijaribu. Miongo ilipita. Alifariki mwaka 2016. Mwaka uliofuata utafiti wa WOMAN, uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kuwa dawa hiyo ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa takriban theluthi moja. Baada ya saa tatu haikuonekana kusaidia. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu asilimia 10.

Ndiyo maana mjadala wa boda au gari la kwenda hospitali usingoje usiku wa uchungu. Mwenye gari ajulikane mapema, namba yake iwe kwenye simu ya baba na ya jirani.

Stima ikikatika kwenye zahanati, dawa za uzazi haziharibiki?

Oksitosini, sindano ya kawaida ya kuukaza mfuko wa uzazi, hutaka kukaa kwenye baridi. Kuna nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo. Mwaka 2018 ilithibitika kuwa inazuia damu sawasawa na oksitosini.

Kwa nini kila nikienda kliniki nasumbuliwa na vidonge vya damu?

Kwa sababu mwenye upungufu wa damu hana akiba. Kiasi ambacho mwenzake angekihimili, yeye kinamwangusha. Utafiti mwingine, WOMAN-2, ulifuata zaidi ya wanawake 15,000 wenye upungufu wa damu nchini Pakistani, Nigeria, Tanzania na Zambia. Wote walipata dawa kabla ya damu kuanza kumwagika, baadhi asidi ya traneksamiki na wengine dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani, na ile halisi haikuwazuia kuvuja. Kilichojitokeza ni kwamba waliokuwa na upungufu mkali walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa au kuponea chupuchupu kuliko wenye upungufu wa wastani. Dawa ya dakika ya mwisho haifuti miezi ya damu kidogo.

Vidonge vinaweza kuleta kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi, havimdhuru mtoto. Usivimeze kwa chai, wala usinywe chai papo hapo baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Omena, maharagwe, managu na saga ni vya hapahapa sokoni, na ukila chungwa pamoja navyo mwili hupokea vizuri zaidi. Na huku kando ya ziwa kuna mwizi mwingine wa damu, ambaye ni malaria.

Niko Nakuru. Dada yangu yuko Ahero, karibu na Kisumu, na kila kliniki anapewa vidonge vitatu vya SP. Mbona mimi sipewi?

Nakuru malaria si ya kila siku kama huko kwa dadako. Kenya hutoa SP, yaani sulfadoksini-pirimethamini, kwa wajawazito wa maeneo yenye malaria nyingi: kando ya Ziwa Victoria na sehemu nyingine za magharibi, na Pwani. Huanza mimba ikifika wiki 13, kisha kila kliniki, mradi kuwe na angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na angalau dozi tatu kabla ya kujifungua. Humezwa palepale mbele ya nesi, hata kama hujala. Ukisafiri kwenda kwa dadako ukiwa mjamzito, lala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, na ukipata homa ukirudi, mwambie daktari ulikotoka. La sivyo unaweza kutibiwa homa nyingine huku malaria ikiendelea kimyakimya.

Tunasikia SP imezoeleka kwa vimelea. Si wangetubadilishia?

Watafiti walijiuliza hivyohivyo, na sehemu ya jibu ilitafutwa hapahapa Kenya magharibi. Utafiti wa IMPROVE uliwahusisha wanawake 4,680 wa Kenya, Tanzania na Malawi, katika maeneo ambayo vimelea vimekuwa sugu kwa SP. Baadhi walipewa SP, wengine dawa mpya zaidi, dihydroartemisinin-piperaquine, kwa kifupi DP. Wengi walitarajia DP ishinde. Matokeo ya mwaka 2023 yaliwashangaza: wa DP walipata malaria kidogo zaidi, lakini waliopata matatizo ya mimba, kama mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, walikuwa wengi zaidi kwao, takriban 28 kati ya 100, wakilinganishwa na 23 kwa waliomeza SP. Watoto wa SP walikua vizuri zaidi tumboni, na mama zao waliongeza uzito zaidi. Inadhaniwa SP, ambayo pia hupambana na bakteria, inamfaidi mama kwa njia nyingine zaidi ya malaria.

Kwa hiyo usiviteme vidonge vile nyuma ya zahanati, ingawa najua ladha yake. Ila usimeze asidi ya foliki ya miligramu 5 iliyonunuliwa dukani pamoja navyo, maana kiasi hicho hudhoofisha nguvu ya SP. Ile ya kliniki, ya miligramu 0.4, haina shida.

Ninaishi na virusi vya ukimwi na natumia Septrin, dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi. Nimeze SP pia?

Hapana, hizo mbili hazichanganywi. Mwambie nesi kuhusu Septrin kabla hajakupa SP. Mwombe mzungumze faragha kama foleni ni ndefu na masikio ni mengi. Kuna habari njema: utafiti wa Kenya na Malawi uliotangazwa mwaka 2024, wenye wanawake 904, ulionyesha kuwa kuongeza DP kila mwezi juu ya Septrin ya kila siku kulipunguza maambukizi ya malaria kwa asilimia 68. Muulize daktari wako kama hilo linakuhusu.

Nina mimba ya miezi miwili na nimepimwa malaria ikapatikana. Jirani anasema dawa itaua mtoto.

Malaria yenyewe ndiyo inayoua mimba. Kwa miaka mingi wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza walipewa kwinini, chungu, ya siku saba, inayofanya masikio yavume. Baada ya kumbukumbu za maelfu ya mimba kuchambuliwa, mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha AL, yaani dawa ya malaria ya artemether-lumefantrine, hata kwa miezi hiyo ya mwanzo. Maliza dozi yote, na umwambie anayekutibu kuwa una mimba hata kama haijaonekana.

Binti yangu ana miaka kumi. Chanjo moja ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha kweli?

Utafiti wa KEN SHE ulichanja wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi. Dozi moja iliwakinga dhidi ya aina mbili hatari zaidi za HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Matokeo hayo ni miongoni mwa yaliyoifanya dunia ikubali dozi moja. Anayeishi na virusi vya ukimwi huhitaji zaidi ya moja. Mpeleke, Kenya imekuwa ikiitoa bure kwa wasichana tangu Oktoba 2019.

Kwa nini tafiti zifanywe kwa wajawazito? Si wanatufanya panya wa maabara?

Woga huo una chimbuko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya thalidomidi iliuzwa Ulaya na kwingineko kwa kichefuchefu cha ujauzito bila kupimwa ipasavyo, na zaidi ya watoto 10,000 wakazaliwa na viungo vilivyoharibika. Baadaye wajawazito waliachwa nje ya tafiti nyingi ili walindwe. Lakini hawakuacha kuugua. Waliendelea kumeza dawa ambazo hakuna aliyezipima kwao, na kwinini ile ya miezi ya mwanzo ni mfano mmojawapo.

Leo utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yenye kituo kikubwa Kisian nje kidogo ya Kisumu, hauanzi kabla ya kamati ya maadili kuupitia. Ukiombwa kushiriki, usitie sahihi siku hiyohiyo kama moyo hautaki. Nenda nyumbani ushauriane. Uelezwe kwa lugha unayoielewa. Uliza unalinganishwa na nini, nani atalipia matibabu ukidhurika, damu yako itatunzwa wapi, na matokeo yataletwa lini kijijini. Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na kliniki yako ikaendelea kama kawaida.