Wasparta, wafungwa na mchezo wetu

Juzi mzee mmoja alikuja uwanjani kumtoa mwanawe kwenye chuma cha kujivutia. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakumzaa mtoto aje acheze michezo ya wafungwa. Kijana, bado ananing'inia, akajibu: "Baba, hii ni ya Wasparta." Nikampa mzee shikamoo yake, kisha nikasimama pale nisijue nimsahihishe nani kwanza. Nafundisha kalistheniki, yaani mazoezi ya kutumia uzito wa mwili wako mwenyewe, miaka mingi sasa, na hadithi hizi mbili, kwamba mchezo wetu ulianzishwa na wafungwa au na Wasparta, wapiganaji wa Ugiriki ya kale, nimezisikia hadi zimenitoka puani.

Ya wafungwa naimaliza haraka. Mfungwa anapiga pushapu kwa sababu sakafu ndiyo aliyo nayo. Baharia melini na mwanafunzi bwenini wanapiga kwa sababu hiyohiyo. Kukitumia kitu si kukianzisha. Basi.

Ya Wasparta ndiyo inayonichosha, maana huja imejaa majivuno. Chimbuko lake ni Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Mwaka 480 KK, kabla ya vita vya Thermopylae, mfalme Xerxes wa Uajemi alituma mpelelezi akachungulie kambi ya Wagiriki. Yule mtu aliwakuta Wasparta, wengine wakifanya mazoezi, wengine wakichana nywele. Mazoezi gani? Herodotus hasemi. Huenda walikuwa wakipigana mieleka, huenda wakikimbia. Watu wa mitandaoni wakachukua mazoezi wakaacha nywele, wakatuambia hiyo ndiyo kalistheniki ya kwanza duniani. Sijaona klabu hata moja iliyoweka kitana kwenye nembo yake.

"Lakini kocha, neno lenyewe si la Kigiriki?" Mizizi ni ya Kigiriki: kallos ni uzuri, sthenos ni nguvu. Televisheni nayo ina mzizi wa Kigiriki, na hakuna anayesema Leonidas, mfalme wa Wasparta, alikuwa na rimoti. Neno letu lilishonwa Ulaya katika karne ya 19, na hapa ndipo vijana wangu huinamisha vichwa, kwa sababu lilishonwa kwa ajili ya wasichana.

Mwaka 1827, London, mwandishi aitwaye Voarino alitoa kitabu cha mazoezi ya kalistheniki kwa ajili ya mabibi. Mwaka 1829, Bern, Phokion Heinrich Clias akatoa chake, na jaladani akaandika wazi kwamba ni mazoezi ya uzuri na nguvu kwa wasichana. Huyu Clias hakuwa mtu wa mambo laini. Alikuwa amekwisha kufundisha wanajeshi wa Uingereza, na kazi ile aliiita jimnastiki. Alipowageukia wasichana ndipo akahitaji neno jingine. Marekani, mwaka 1856, Catharine Beecher naye akaandika kitabu cha kalistheniki kwa shule na familia: mikono juu, mikono chini, goti, kiuno, kwa kuhesabu na kwa muziki, bila mtambo wowote. Mwanamama huyo huyo alizipiga vita koseti zilizobana mbavu za wanawake wa zama zake.

Sasa tazama uwanjani kwangu. Kijana anajivuta mpaka kifua kinapita juu ya chuma, anashuka, anajipiga picha. Kwa lugha ya Clias huyo anafanya jimnastiki. Binti aliye pembeni, anayezungusha mikono kwa kuhesabu na ambaye wenzake wanamcheka eti "anapasha tu," ndiye mwenye jina. Nimelisema hili mara nyingi na kila mara mtu ananiambia maana za maneno hubadilika. Kweli, hubadilika, ila si kila mahali. Huko Australia mpaka leo ukisema kalistheniki watu wanaelewa timu, nyingi zikiwa za wasichana na wanawake, zinazopanda jukwaani kwa gwaride, fimbo na virungu, na kule Ballarat kuna mashindano yake makubwa. Mtu akitaka kunifundisha "kalistheniki halisi" aanze kuwaambia wao kwamba wamekosea.

Na chuma je? Chuma kina ukoo wake. Mwaka 1811 mwalimu Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, nje ya Berlin wa siku hizo. Prussia, dola la Wajerumani, ilikuwa imepigwa na Napoleon mwaka 1806, na Jahn alitaka vijana wenye misuli na wenye hasira ya taifa. Nguzo sambamba tunazofanyia dipsi, yaani kujishusha na kujiinua kwa mikono, zilienea kutoka kwake. Hakuwa mtakatifu: uzalendo wake ulikuwa wa kubagua, na chuki yake kwa Wayahudi haikufichika. Mwaka 1819 alikamatwa, na kuanzia 1820 mpaka 1842 serikali ya Prussia ikapiga marufuku viwanja vya aina yake. Fikiria, marufuku ya miaka 22 dhidi ya watu wanaoning'inia! Lakini serikali haikuogopa pulapu, kule kujivuta juu ya chuma. Iliogopa vijana wanaokutana kila wiki, wakaimba pamoja, halafu wakazungumza. Wafuasi wake wengine walikimbilia Marekani, na baada ya mapinduzi ya Wajerumani ya 1848 kushindwa likafuata wimbi kubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 1848 Cincinnati ilikuwa tayari na klabu yao.

Zamani nilikuwa nikiishia hapo kwa kiburi: Jahn, Cincinnati, shule na majeshi, viwanja vya watoto, vijana wa New York na video zao, mashindano ya dunia ya Riga, Latvia, mwaka 2011, kisha sisi. Mnyororo safi. Siku hizi siuamini hivyo. Ninachoweza kukifuata hatua kwa hatua ni vifaa, siyo watu. Vyuma vilipita mkono kwa mkono, sawa. Ila wale waliovikuta bustanini wakaanza kujivuta hawakumjua Jahn wala Clias, na mtu akiona tawi imara atalidandia bila kufundishwa na Mjerumani. Je, ni mchezo mmoja wenye miaka mia mbili, au michezo kadhaa iliyookota jina moja? Siku nikiwa na klabu imejaa nasema mmoja. Nikiwa peke yangu na vitabu vyangu, siko tayari kuapa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ni mchezo wa wasichana?"

"Jina ndiyo, mzee."

Akacheka mpaka kofia ikamlegea. Kijana alikuwa bado juu, masikio yamesimama, zimembaki pulapu tatu.